Niliomba silinda 100, faili likala 850, na bado likafa

Swali: Jambo, yaya. Niko Lubumbashi, kwetu Kampemba. Tangu mwaka jana ninaandika programu za COBOL kwa kampuni ndogo ya hapa inayochukua kazi za nje. Meinfremu yenyewe, ile kompyuta kubwa ya mabenki na mashirika, iko Ulaya, mimi naifikia kwa intaneti. Wiki hii nimekwama. Nina faili la rekodi 1,000,000, kila rekodi baiti 80. Nilipiga hesabu: baiti milioni 80, gawanya kwa 849,960 za silinda moja, kile kipimo cha nafasi ya diski, unapata kama silinda 95. Nikaomba SPACE=(CYL,(100,50),RLSE), yaani silinda 100 za mwanzo, nyongeza za 50 kila moja, na zisizotumika zirudishwe, nikijua nimejiachia nafasi. Jobu, yaani kazi niliyoituma kwenye mashine, ilikimbia muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha ikafa na SB37, msimbo wa kukosa nafasi. Kuangalia, faili limeshika silinda 850! Kuna mafaili mengine mawili yananishangaza: moja niliomba silinda 30 nikapewa 42, na lingine niliomba 100 nikapewa 300 kabla sijaandika hata rekodi moja. Bosi wangu anasema niongeze namba tu, kazi iende. Niongeze? Au mashine ina hitilafu?

Jibu: Mdogo wangu, usiongeze namba. Mashine haina hitilafu, na hesabu yako ya silinda 95 si mbaya, ila imehesabu data peke yake bila vifungashio vyake. Mafaili yako matatu yanaonekana kuugua ugonjwa mmoja, lakini ni magonjwa matatu tofauti. Nitakaa sana kwenye lile la 850, maana ndilo linalokugharimu, na namba zake zimekiri zenyewe kabla hata sijaona skrini yako.

Anza na hiyo 850. Imetoka wapi? Chukua 100 uliyoomba ya mwanzo, ongeza nyongeza 15 za silinda 50 kila moja. 100 na 750 ni 850 kamili. Faili la kawaida la mfululizo linaruhusiwa vipande 16 tu kwenye volumu moja, yaani diski moja, vile tunavyoviita ekstenti. Kipande cha kwanza kilikuwa ile 100 yako, vikafuata 15 vya 50, mlango ukafungwa. Kwa hiyo 850 ni dari ya ombi lako mwenyewe, uliijenga siku ulipoandika ule mstari wa SPACE. Diski inaweza kuwa na maelfu ya silinda zilizo wazi na bado ukapata SB37. Wengi wakiona msimbo huo wanampigia msimamizi wa hifadhi kumwambia diski imejaa, naye anatazama diski yake tupu anadhani wamelewa.

Na ulikuwa na bahati. Volumu ikiwa imechanikachanika, mfumo unaruhusiwa kukukusanyia ile 100 ya mwanzo kwa vipande hadi vitano. Hapo ungebakiwa na vipande 11 vya nyongeza, na jobu ingekufa kwenye silinda 650. Ndiyo maana utasikia watu wakilalamika kwamba jobu ileile, data ileile, jana ilipita na leo imekufa. Kilichobadilika ni hali ya volumu waliyoangukia.

Sasa swali lenyewe: kwa nini faili la silinda 95 liliomba nyongeza mara 15? Fungua ISPF, zile skrini za menyu za meinfremu, nenda 3.4, weka herufi I mbele ya jina la faili, utazame mstari wa saizi ya bloku, yaani fungu la rekodi linaloandikwa diskini kwa pamoja. Naweka dau kwamba utaona 80.

Diski za meinfremu bado zinahesabu kana kwamba ni zile za IBM 3390 zilizotoka 1989. Leo ndani ya kabati hakuna tena sahani kama zile, ni uigaji tu, lakini kipimo kimebaki: traki moja, yaani duara moja la sahani, inabeba hadi baiti 56,664, silinda moja ni traki 15, ndiyo ile 849,960 uliyogawanyia. Tatizo ni kwamba traki inafikia hiyo 56,664 ikiwa imebeba bloku moja tu isiyokatika. Kila bloku inayoongezeka inakuja na vichwa vyake, mapengo yake na baiti zake za ukaguzi. Kwenye 3390 nafasi hupimwa kwa vijisehemu vya baiti 34, na traki ina vijisehemu 1,729. Bloku ya baiti 80 inamega 22 kati ya hivyo. Zidisha: 22 mara 34 ni 748. Yaani kila rekodi yako ya baiti 80 imelipishwa kiwanja cha baiti 748, kwa sababu umeipa kila moja bloku yake. Ni kama kupakia shehena ya sahani kwenye lori la Kasumbalesa, kila sahani ndani ya sanduku lake la mbao lenye misumari. Lori limejaa, na ulichobeba hakitoshi harusi moja.

Gawanya 1,729 kwa 22: bloku 78 kwa traki, basi. Silinda moja inabeba rekodi 1,170. Zidisha kwa 850 unapata rekodi 994,500. Kama programu yako inachapisha idadi ya rekodi ilizoandika, itazame kwenye matokeo ya jobu: itakuwa imekwama jirani kabisa na hapo. Ulikufa ukiwa umebakiza rekodi 5,500 tu kati ya milioni. Ulihitaji silinda 855, dari yako ilikuwa 850.

Ndiyo maana ushauri wa bosi wako unaniogopesha: ungefanya kazi. Ungeandika (110,55), dari ingepanda hadi 935, jobu ingepita, wote mngepumua. Halafu kila usiku faili la megabaiti 80 lingekalia zaidi ya megabaiti 726, na kila programu inayolisoma ingevuta bloku 1,000,000 badala ya 2,866. Ulisema jobu ilikimbia muda mrefu kuliko ulivyotegemea. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza, kabla ya SB37, na ulivyoitaja tu nikajua tunaelekea wapi.

Najua ladha ya ushauri huo kwa sababu niliunywa. Miaka ya mwanzo ya kazi, kwenye benki moja ya nje ambayo sitaitaja, nilikuwa na faili la mishahara lililokuwa likifa karibu kila mwisho wa mwezi. Kila likifa naongeza silinda, naanzisha upya, nalala. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, na nilijiona fundi. Siku moja mzee mmoja wa mifumo alikuja nyuma ya kiti changu, akanyoosha kidole kwenye skrini, hakuonyesha SPACE, alionyesha saizi ya bloku. Akaondoka bila neno. Nilikuwa nimeweka ndoo chini ya paa linalovuja, na kila mwezi nanunua ndoo kubwa zaidi.

Sasa, hiyo 80 imetoka wapi? Kama wewe ni mtu wa COBOL, sihitaji kutafuta mbali. Nenda kwenye FD ya faili lako, pale programu inapolieleza faili. Nadhani hakuna kifungu cha BLOCK CONTAINS. Katika COBOL ya IBM, ukikiacha kifungu hicho, kompaila haisemi "basi nitachagua vizuri". Inachukulia kwamba hutaki bloku, kila rekodi ikae peke yake. Watu wengi waliojifunza COBOL kwenye kompyuta ya mezani hawajawahi kuliona hilo, kwa sababu kule halina madhara. Na usijidanganye kwamba utalirekebisha kutoka kwenye JCL, zile amri zinazoiendesha jobu: kilichoandikwa ndani ya programu ndicho kinachotangulia, DD (mstari wa faili ndani ya JCL) inafuata, lebo ya faili iliyohifadhiwa diskini inakuja mwisho. Andika hivi:

FD MALIPO-FAILI
    RECORDING MODE IS F
    BLOCK CONTAINS 0 RECORDS.

Hiyo sifuri haimaanishi bloku tupu. Inamaanisha "mimi sichagui, mfumo uchague". Kwenye JCL nako ondoa BLKSIZE, yaani saizi ya bloku, kabisa, au iandike BLKSIZE=0. Kwa rekodi za baiti 80, mfumo utachagua 27,920: rekodi 349 kwa bloku, bloku mbili kwa traki, jumla rekodi 698 kwenye traki ileile iliyokuwa ikibeba 78. Faili lako la milioni litashuka kutoka silinda 855 hadi 96. Unaona, hesabu yako ya 95 ilikuwa karibu sana na ukweli, ulichosahau ni kuuliza data itafungashwaje. Kuna pia chaguo la kompaila liitwalo BLOCK0, lilikuja na Enterprise COBOL 4.2, linaloifanya sifuri iwe kawaida hata usipoandika kifungu. Kama mna programu mia zenye kasoro hii, mwombe msimamizi alitazame. Kwa programu moja, andika mstari.

Kuna anayefika hapa akasema: kama bloku kubwa ni nzuri, niweke kubwa kuliko zote, hadi kikomo cha 32,760. Hapana. Bloku ya 32,720 inaingia mara moja tu kwenye traki, ya pili haitoshi, na karibu nusu ya traki inabaki uchi. Unapata rekodi 409 badala ya 698. Nusu traki ndiyo saizi tamu, na mfumo unaijua kuliko wewe na mimi.

Kabla ya kuanzisha upya, kuna mtego mmoja, nao nimeona watu wakiangukia wakiwa tayari wamerekebisha kila kitu. Faili lililokufa bado lipo. Kama DISP yako, inayosema faili lifanyweje jobu ikimaliza au ikifa, ilikuwa (NEW,CATLG,CATLG), mfumo umeliweka kwenye katalogi na silinda zake 850, na RLSE haikusaidii chochote, kwanza kwa sababu zote zimejaa, pili kwa sababu jobu ikifa vibaya RLSE haifanyi kazi. Ukirudia na NEW, utakataliwa kwa kuwa jina lipo. Hapo ndipo mtu anapopata akili ya haraka: anabadilisha NEW kuwa OLD ili aandike juu ya lile la zamani. Programu sasa inasema sifuri, DD haisemi kitu, basi mfumo unasoma lebo ya faili. Na lebo inasema nini? 80. Umerudi ulikotoka, na sasa unaamini kwamba niliyokuambia ni uongo. Lifute faili kwanza. Ukimaliza, hiyo DISP ifanye (NEW,CATLG,DELETE), ili siku nyingine jobu ikifa isikuachie maiti.

Tuje kwenye 30 iliyozaa 42. Hii mimi naipenda, kwa sababu mtu akiiona mara ya kwanza anaapa kwamba kuna anayemwibia. Angalia namba: 42 ni 21 mara mbili. Volumu za zamani ziliishia silinda 65,520. Zilipoanza kutoka volumu kubwa zaidi, mwaka 2008 na z/OS 1.10, mfumo unaoendesha meinfremu, sehemu ya juu ya mpaka huo haikupewa hesabu ya traki moja moja. Inauzwa kwa mafungu ya silinda 21 tu. Ni kama makala, yaani makaa, hapa kwetu. Sokoni mama anakupimia kalundo ka mia chache, ukitaka nusu yake anakugawia. Nenda kwenye depo anakoshusha malori: gunia, au rudi nyumbani. Chini ya 65,520 uko sokoni, juu yake uko depo. Ombi lako la 30 lilifikia kile kiwango kinachokusukuma kuelekea depo, ambacho kisipobadilishwa ni silinda 10, na faili lako lilikuwa limeruhusiwa kuishi huko, aidha kwa sababu ni VSAM, aina nyingine ya mafaili ya IBM, au kwa sababu data class yenu, ile seti ya sifa za faili aliyoweka msimamizi, imeweka EATTR=OPT, ambayo ndiyo ruhusa yenyewe. 30 haigawanyiki kwa 21, kwa hiyo umepewa magunia mawili. Kama siku moja utapata 30 kamili kwa JCL ileile, usishangae, siku hiyo utakuwa umewekwa chini ya mpaka au kwenye volumu ndogo.

Ushauri wangu? Liache. Silinda 12 za ziada ni kama megabaiti 10, na muda uliotumia kuniandikia una thamani kubwa zaidi. Ningejali tu kama mna mafaili maelfu yanayoomba silinda 10 au 11 kila moja, maana hayo yanapata 21, mara mbili ya haki yao. Hayo yaandikie EATTR=NO, au msimamizi apandishe kile kiwango kwenye IGDSMS, mipangilio ya hifadhi ya mfumo. RLSE hapa haitakurudishia zile 12: nayo inakata kwa mafungu ya 21.

Ile ya 300 ni fupi. Niambie faili hilo lina volumu ngapi. Tatu, sivyo? Basi storage class mliyotumia, yaani daraja la huduma ya hifadhi, ina kile kipengele cha nafasi iliyohakikishwa, na maana yake ni kwamba kiasi cha mwanzo kinakatwa palepale kwenye kila volumu, mara moja, hata kama utatumia ya kwanza tu. Umeomba nyumba moja, wamekupimia parseli (viwanja) Ruashi, Katuba na Kampemba, zote kwa jina lako. Kipengele hicho kina watu wake: wenye hifadhidata kubwa wanaotaka kuwa na hakika kwamba nafasi ipo, au wanaotaka kuchagua wenyewe volumu gani. Faili la kupita la jobu ya usiku halina haja nacho. Mwombe msimamizi storage class nyingine, au omba volumu moja. Kuhusu class, wewe mwenyewe kutoka kwenye JCL unaweza tu kuchagua jina lake, na hata hilo kanuni zao za uteuzi zinaweza kulifuta na kuweka lao bila kukuuliza. Ukiona umeandika class moja na faili limetoka na nyingine, si macho yako.

Bosi usimbishie kwa maneno. Mwonyeshe. Tengeneza jobu ndogo ya majaribio yenye rekodi 10,000 za kwanza tu, uombe SPACE=(TRK,(15,15),RLSE), halafu tazama kwenye ISPF traki zilizotumika. Itamalizika kabla chai haijapoa. Ukiona 15, FD yako imepona, peleka ile kubwa na (CYL,(96,10),RLSE). Ukiona 129, kuna sehemu bado inasema 80: kama si FD, ni copybook (kipande cha kodi kinachoingizwa kwenye programu) ya mtu mwingine iliyobeba FD yake, na kama si hiyo, hukulifuta lile faili la zamani.